Aliapa Talaka kwa Bei ya Dhahabu

Wiki iliyopita niliishia pale mume wangu alipoweka mkono kifuani, sebuleni kwa kaka yangu, mtaa wa Buyenzi, akaapa. Tangu hapo wasomaji mmenisema sana. Dada mmoja kaniandikia kwamba mwanamke mwenye akili zake angetoka mle ndani na viatu mkononi. Ahsante, dada. Hasira ninazo zangu, sina haja ya kuazima.

Kwa ambao hawakuwepo, nasema kwa ufupi. Naitwa Fadhila, nashona nguo barazani, mtaa wa Asiatique. Mume wangu Massoudi ana duka la vipuri vya pikipiki mtaa uleule, duka ambalo siku hizi rafu zake zinaonekana mpaka ukutani, maana dola za kuagizia mzigo hazipatikani. Duka lilipolala, yeye akahamia kwenye simu. Akawa ananunua na kuuza dahabu humo, dahabu ambayo hajawahi kuishika kwa mkono wake. Ikala akiba yetu. Ikala friji. Ikala cherehani yangu moja, aliyoiuza mi nikiwa msibani.

Ndipo nikambeba mtoto wetu Rania, nikaenda kukaa kwa kaka yangu Moubarak.

Na jueni kwamba talaka mbili alikuwa ameshazitumia. Ya kwanza kwa hasira, ya pili kwa ujinga, na mara zote alinirejea kabla eda haijaisha. Ilibaki moja. Kila Mwislamu anajua maana yake: hiyo ikianguka, hakuna kurudiana mpaka niolewe na mwanaume mwingine, ndoa ya kweli, na hiyo nayo ivunjike yenyewe.

Sasa mutu huyo, mwenye talaka moja tu iliyobaki, alitaka nirudi nyumbani. Akasema mbele ya kaka yangu na jamaa waliokuwepo: "Biashara moja ya dahabu ikinila zaidi ya dola hamsini, Fadhila ameachika."

Wanaume wakaitikia kwa vichwa, wakaona hiyo ndiyo ahadi. Moubarak akasema sasa shemeji amekuwa mtu mzima. Niliyewekwa rehani ni mimi, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kuniuliza.

Nilirudi naye nyumbani kwetu, Gasenyi. Nilirudi kwa sababu nilikuwa nampenda, msinitafutie sababu nyingine.

Massoudi aliniambia nisiogope kitu, kuna stop. Akanieleza kwamba stop ni amri unayoiacha kwenye kampuni ya hiyo biashara ya simu: bei ikinigeuka ikafika hapa, niuzie, unitoe. Yeye ataiweka kwenye hamsini kamili, kwa hiyo kiapo hakiwezi kuvunjika hata akiwa amelala. Ati ndoa yetu inalindwa na mashine.

Nilitaka kumwamini, Mungu ananiona. Lakini mi ni fundi, kitambaa nakipima mara mbili kabla ya kukikata. Nikaenda kwa jirani yetu Valéry, anayefanya kazi ofisi moja mtaa wa Rohero, na aliyeanza biashara hii ya simu kabla ya mume wangu.

Valéry ni Mkatoliki. Ilinichukua muda kumweleza talaka ya tatu ni nini. Alipoelewa, aliweka glasi yake chini, kicheko kikamwisha.

"Mama Rania," akasema, "stop si ukuta. Ni kama vile umemuacha mutu sokoni na mufuko wa sukari, umemuambia bei ikishuka mpaka hapa, uza. Atauza. Lakini atauza kwa bei ya munuzi atakayemukuta. Kama wanunuzi wamekimbia, atauza chini zaidi."

Hiyo wao wanaita kuteleza. Umeweka hamsini, unatolewa kwa sitini, na hakuna pa kwenda kushtaki kwa sababu amri yako imetekelezwa. Bei ndiyo haikukungoja.

Nilikaa kwenye benchi lake nikamwambia anifundishe namna ya kupunguza huko kuteleza, kwa sababu mimi hapa nateleza na ndoa. Akanifundisha kwa upole. Kama kiapo ni hamsini, stop iwe thelathini, ili ikiteleza iwe na mahali pa kuangukia. Anunue kidogo kidogo, maana ukinunua kikubwa hata kuteleza kadogo kanauma. Awe nje kabla Waamerika hawajatangaza habari zao za ajira, kwani dakika hizo bei haishuki ngazi kwa ngazi, inaruka. Kuna kampuni zinazokuhakikishia bei yako ya stop ukiwalipa kidogo, lakini ile ya Massoudi haikuwa na huduma hiyo.

"Na Ijumaa," Valéry akasema. "Apana kulala na dahabu wikendi. Soko inafunga, dunia haifungi. Kitu kikitokea Jumamosi, Jumatatu bei inafungukia mahali pengine kabisa. Haitapita kwenye stop yake. Itairuka."

Halafu akaniuliza Massoudi ana kompte, yaani akaunti, ya namna gani. Nikamwambia ni ile ya Kiislamu, isiyo na riba. Akatikisa kichwa. Akasema hapo ndipo anapotuogopea. Wengine wakilala na biashara wazi wanakatwa riba kila usiku, inawauma, wanatoka. Sisi hatukatwi. Kwa hiyo mutu wetu anasema ikae tu, haili kitu, mpaka Ijumaa inapita na yeye bado yumo.

Nilirudi nyumbani nikamsomea Massoudi masharti yote. Alinuna. Akasema hakujua kama mambo ya chumbani kwake sasa yanajadiliwa kwenye benchi la jirani. Nikamwambia mambo hayo ya chumbani aliyatoa mwenyewe mbele ya wanaume sita wanywa chai, kwa hiyo anyamaze. Akakubali.

Na kusema kweli alifuata. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini alinionyesha simu, nikaona hakuna biashara iliyo wazi. Siku moja katikati ya wiki stop ilimkamata kwenye thelathini, akatolewa kwa thelathini na nne. Tuliangaliana. Ingekuwa aliiweka kwenye hamsini kama alivyotaka, ikateleza nne zilezile, siku ile ile ningekuwa nafunga mizigo. Jioni alileta samaki wawili wakubwa wa mukeke, tukala, tukacheka kama watu waliokoswa na gari.

Nikaanza kumsahau yule sheitani wa simu. Hilo ndilo linaloniudhi leo, kwamba nilipumzika.

Ijumaa yenyewe alitoka bafuni na kanzu yake nyeupe, ana haraka. Mafuta yalikuwa hakuna mjini, ilibidi atembee mpaka msikitini. Nikamuuliza: umefunga? Akasema amefunga. Simu hakunionyesha, ilikuwa imeshaingia mfukoni mwa kanzu. Nikamwacha aende zake asichelewe hotuba.

Alikuwa hajafunga. Dahabu ilikuwa imemgeuka, inamla kama dola ishirini hivi, na yeye akaona vibaya kutoka na hasara siku ya Ijumaa. Akasema ikae tu. Akaenda akasimama safu ya mbele, akasali, akaniombea na mimi, pengine.

Jumatatu baada ya alfajiri nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda na simu mkononi. Nikamuuliza kuna nini. Akasema rezo ni mbaya leo, mtandao haushiki. Akatoka bila kunywa chai, nami nikadhani ni mambo ya dukani.

Jumatatu hiyo alirudi, akala, akalala. Jumanne vilevile. Akaniomba nimkande mgongo, nikamkanda.

Jumatano asubuhi Valéry alinikuta njiani. Akasema Jumatatu imechinja watu, kwamba wikendi kulikuwa na habari kubwa na dahabu imefunguka chini sana, marafiki zake kazini wanalia. "Namushukuru Mungu Baba Rania alikuwa inje," akaniambia.

Miguu ilikuwa imeshaanza kwenda Asiatique yenyewe. Njiani nilikuwa najiambia alifunga, alisema amefunga, Massoudi ni mpumbavu lakini si mwongo. Njia ya mwongo ni fupi, na ile yake iliishia kwenye kaunta ya duka.

Nilimkuta anapanga maboksi ya plagi. Kulikuwa na mteja mmoja anachagua mnyororo wa pikipiki. Sikungoja aondoke.

"Ijumaa ulifunga?"

Akasema stop imefanya kazi yake.

"Sikuuliza habari ya stop. Ilikutoa kwa ngapi?"

Akaendelea kupanga maboksi. Akatoa moja, akalirudisha palepale. "Sabini na nane," akasema.

Wasomaji, nimewahi kukasirika maishani. Nilikasirika cherehani ilipouzwa. Lakini hasira ya siku ile sikuwa naijua. Haikuwa ya dola. Tangu Jumatatu mutu huyu alikuwa anajua kwamba huenda mi si mke wake tena, na alikuwa anakula chakula changu, anageuka kitandani, anataka akandwe mgongo. Kama talaka imeanguka, basi amenilaza kwenye haramu akijua, mi sijui.

Nilichukua ule mnyororo mkononi mwa mteja, nikaubamiza juu ya kaunta ya kioo. Kioo kikapasuka. Mteja akaondoka bila kuaga.

Aliniambia alikuwa anatafuta namna ya kunieleza. Nikamuuliza namna hiyo alikuwa anaitafutia chini ya shuka langu? Ndipo akaanza kujitetea. Kwamba yeye stop aliiweka thelathini, kama tulivyokubaliana. Kwamba neno lake alilitimiza. Kwamba iliyoruka ni soko, na yeye hawezi kulaumiwa kwa kuruka kwa soko. Alisema hivyo akinitazama usoni, kama amekuja kuniuzia kitu.

Nikampigia Moubarak, nikamwambia aje upesi. Alasiri ileile tulikuwa watatu, pamoja na Rania, sebuleni kwa Sheikh Shakuru.

Sheikh Shakuru si mzee. Ni mtu wa makamo, alisoma nje, hana maneno mengi. Mke wake alichungulia, akaona nyuso zetu, akamchukua Rania nyuma kwenye uwanja. Sheikh akataka kujua kwanza hiyo stop ni kitu gani.

Hapo sasa ndipo nilipotaka kumnyonga mume wangu. Alipata nguvu. Akavuta mkeka mbele, akawa anachora bei kwa kidole, hapa ilikuwa, hapa stop, hapa soko limefungwa, hapa limefungukia. Akaeleza kuteleza, akaeleza kuruka, akaeleza kwa nini mtu anaacha nafasi kati ya stop na kiapo. Yote niliyomfundisha mimi. Macho yake yaling'aa kama mwalimu. Alikuwa amesahau kabisa kwamba pale chini ya kidole chake ni mimi naachwa.

Sheikh alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamuuliza kama Ijumaa ile alijua kwamba bei inaweza kuruka.

"Nilijua," Massoudi akasema. "Mama Rania alikuwa amenifundisha."

"Sasa uliiacha kwa nini?"

Kidole kikatoka kwenye mkeka. "Niliona haya kutoka na hasara. Na kompte haina riba, Sheikh. Nikasema ikae tu."

Sheikh akashusha pumzi. Akasema watu wanakimbia riba, ni vizuri, halafu wanaikimbilia kamari kwa mlango wa nyuma. Ila hilo akasema tutalizungumza siku nyingine. Leo ni ndoa.

Akatueleza taratibu. Wanazuoni wengi wanasema sharti la talaka likitimia, talaka imeanguka, na soko liliruka au lilitambaa, hasara imepita hamsini, basi. Lakini wapo wengine wanaosema inategemea niya. Kama mume alikusudia kujizuia tu, kujitisha mwenyewe asirudie, basi hicho ni kiapo, atatoa kafara, alishe maskini, na mke ni mke wake. Kama alikusudia kuacha kweli sharti likitimia, ameacha. Yeye Sheikh anafuata kauli hii ya pili. "Na moyo wa mutu mi sioni," akasema. "Massoudi ataapa alikusudia nini. Akisema alikusudia kujizuia, nitamuamini, na leo munarudi pamoja."

Massoudi akajibu haraka kwamba alikusudia kujizuia tu. Sheikh akamwambia akatie udhu.

Alipotoka, Moubarak aliniinamia. Akaninong'oneza kwamba nimshukuru Mungu, nisiongeze neno, jambo limekwisha, nifikirie mtoto. Alikuwa amefurahi kweli, kaka yangu. Wote walikuwa wamefurahi. Ningerudi Gasenyi nikapike.

Sasa nawaambia kitu ambacho Moubarak hakijui, kwa sababu kilisemwa njiani tukiwa wawili.

Siku ile ya kiapo tulirudi Gasenyi kwa miguu, Rania kalala begani kwa baba yake. Nilikuwa namsema njia nzima. Nikamwambia kiapo chake ni cha kuwafurahisha wanaume. Akasimama. Akasema apana. "Fadhila, sikuapa ili nijizuie. Kujizuia nimejaribu, nimeshindwa, nimejichoka. Ikipita hapo, nimekuacha kweli, kwa niya yangu. Uende, usinisubiri. We na mutoto mutapona."

Ndiyo maneno yake. Na kwa kauli ya Sheikh mwenyewe, maneno hayo yananitoa kwenye ndoa.

Massoudi akarudi na mikono inadondosha maji. Sheikh alikuwa ameshaweka msahafu juu ya meza ndogo, kwenye kitambaa safi. Mume wangu akakaa. Akanitazama mara moja, akajua kwamba nakumbuka.

Nilikuwa na hasira naye mpaka meno yananiuma. Na bado niliviona vile vidole vyake, vyenye grisi ambayo haitoki hata kwa udhu, nikamhurumia. Ningenyamaza, ningebaki na mume. Ningebaki naye kila usiku huku najua kwamba Mungu anajua. Na yeye angebeba mpaka kaburini kwamba alishika msahafu akasema uongo kwa ajili yangu.

Akanyosha mkono.

"Massoudi, usiape," nikasema.

Moubarak akanishika goti kwa nguvu. Sheikh akamzuia Massoudi kwa kiganja, akanigeukia. Akaniuliza kama kuna kitu ninachokijua kuhusu niya ya mume wangu. Nikasema kipo. Akaniambia nifikiri kwanza, maana nikishasema, hakuna njia ya kunirudisha ndani ya nyumba ile.

Nikasema nimefikiri.

Massoudi aliurudisha mkono wake mapajani. Hakuwa na hasira. Heri angekuwa nayo, ningejua la kufanya.

"Sawa, sema," akaniambia. "Lakini kama unasema nilichokuambia njiani, sema na kile ulichonijibu."

Moubarak akaliachia goti langu. Sheikh Shakuru akatutazama, yeye, mimi, yeye tena. Akauliza kwa sauti ya chini: "Ulimjibu nini, Mama Rania?"

Nilimjibu kwamba siku hiyo naingoja. Nilimjibu kwamba ikifika nitachukua mtoto wangu na cherehani yangu iliyobaki, nitaondoka bila kugeuka, na hata chozi moja halitanitoka. Nilimwambia hivyo pale njiani, nikamkazia macho ili limwingie.

Wote watatu walikuwa wananingoja nirudie maneno yangu. Nikafungua mdomo niyaseme, nikashindwa, kwa sababu nilikuwa nalia.